Mdogo Wangu, Taratibu na Majina ya Wastaafu

Siku tuliyomzika mdogo wangu nilipewa karatasi nisome wasifu wake. Ulikuwa mfupi. Alizaliwa, alisoma, alifanya kazi ya kompyuta katika ofisi ya pensheni, hakuoa, aliugua figo, Mungu akamchukua. Watu walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Hakukuwa na uongo wowote ndani yake, lakini niliporudi kukaa karibu na mama nilijisikia kama nimesoma habari za mtu nisiyemjua.

Ndiyo maana naandika haya, nikiomba Mungu anisaidie nisiongeze wala kupunguza. Mimi si mtu wa kompyuta. Niliishia kidato cha nne, nikajifunza kushona, na mpaka leo nashona sare za wanafunzi kwenye kibanda changu nyuma ya nyumba yetu. Ninachojua kuhusu kazi ya mdogo wangu alinieleza mwenyewe, tena mara nyingi, kwa sababu kuna jambo moja lililomkaa rohoni hadi mwisho. Alimharibia rafiki yake jina mbele ya watu, na alitaka kulisafisha jina hilo kabla hajafa.

Huyo rafiki kazini walimwita Taratibu, na sisi nyumbani tukaliokota jina hilohilo. Walikutana chuoni, wakalala chumba kimoja, wakaajiriwa ofisi moja. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, wa kufikiri kwanza. Ukimuuliza kama ataongeza chai, anakitazama kikombe chake kabla ya kujibu. Mdogo wangu alikuwa kinyume chake, mdomo unawahi kuliko miguu. Mama aliwapenda wote wawili, na Taratibu alikuwa akiingia jikoni kwetu bila kubisha hodi, anafunua sufuria, anauliza, "Mama, leo mmetuwekea au mmetusahau?"

Ofisi yao ilitunza kumbukumbu za wastaafu. Walimu, manesi, madereva wa serikali, makarani, wote waliomaliza utumishi wao majina yao yako pale: nani yuko hai, nani amefariki, anaishi wapi, namba yake ya simu ni ipi. Programu ya zamani ilikuwa imechoka. Bosi wao, mama mmoja mkali lakini mwenye haki kwa kawaida, akaamua iandikwe mpya kwa Java, lugha mojawapo ya kuandikia programu, na kazi hiyo akawapa wale wawili. Kabla ya kuanza aliwataka wamjibu swali moja: hiyo programu itahifadhi data kwa njia gani?

Mimi nilidhani swali hilo lina jibu moja. Kumbe watu wa kompyuta wanaweza kugombana juu yake kama mashabiki wa mpira. Jumapili moja baada ya ibada walikaa mezani kwetu wakabishana mpaka chakula kikapoa.

"Dada, njoo utuamue," Taratibu aliniita.

"Niwaamue nini mimi? Najua kompyuta ni ya kuchapia barua za maombi ya kazi."

"Ndiyo utatufaa, huna upande," alisema mdogo wangu, akavuta sahani mbili. "Sikiliza. Hii sahani ni Java. Ndani ya Java, mstaafu ni kitu kimoja kizima, ana jina, ana simu, ana hali yake, hai au marehemu. Hii sahani nyingine ni hifadhidata. Kule hakuna mtu mzima, kuna majedwali tu, safu na safu. Hawa wawili hawasikilizani lugha. Sasa mwenzangu anataka kila tunapohitaji kitu, tuandike wenyewe agizo kwa lugha ya hifadhidata. Leta hiki. Badilisha kile. Maagizo mamia kwa mamia, dada, kwa mkono!"

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nataka mkalimani."

Akanieleza kwamba kuna programu nyingine, iliyokwisha kuandikwa na watu, unaiweka katikati. Wewe unashughulika na mstaafu wako mzima, na yule mkalimani ndiye anayemvunja vipande na kumpanga kwenye majedwali, na ukimtaka anakukusanyia tena. Huandiki maagizo. Unamwelekeza mara moja, basi.

"Mbona ni kitu kizuri," nikasema.

"Umeona? Umeona?" Mdogo wangu alipiga meza.

Taratibu alicheka. "Ngoja kwanza, hukumu isitoke upande mmoja haujasema. Dada, mkalimani ni mzuri. Mimi sikatai. Ila akishakaa katikati, huoni tena anachosema kule ng'ambo. Ukiandika agizo mwenyewe, unajua umeagiza nini. Yeye akikosea, utajuaje?"

"Hakosei," alijibu mdogo wangu.

"Umemsoma wote?"

"Wanaotumia dunia nzima hawajamsoma wote, na kazi zinakwenda. We bwana ungekuwa fundi nguo ungeshona suti kwa sindano ya mkono, na cherehani ya dada iko pale inakutazama."

Tulicheka sote, na Taratibu pia. Mama akasema tule. Lakini mfano huo mdogo wangu aliupenda, akautunza.

Siku ya kumwonyesha bosi, kila mmoja alileta sampuli yake. Chumba chao cha mikutano nilikiona baadaye: meza ndefu iliyobanduka kona, feni inayolia, ukuta wenye picha za wakurugenzi waliopita. Watumishi wote wa idara walikaribishwa. Taratibu alionyesha skrini mbili tu, zikafanya kazi sawasawa. Mdogo wangu alionyesha tisa kama si kumi, kwa muda uleule. Bosi akamuuliza Taratibu kwa nini wasichukue hii yenye mengi. Taratibu alianza kueleza, akasita kutafuta neno, na kabla hajalipata mdogo wangu akauleta ule mfano wa suti na sindano. Chumba kizima kiliangua kicheko. Karani mmoja akaongeza, "Suti yenyewe ya harusi, bwana harusi ameshazeeka!"

Kura zilikwenda kwa mkalimani. Mdogo wangu aliniambia miaka baadaye kwamba uamuzi ule haukuwa mbaya. Kwa kazi kubwa yenye watu wawili, hata leo angechagua hivyohivyo. Kilichomsikitisha ni kwamba alishinda kwa kicheko, na tangu siku hiyo watu wa ofisi wakalichukua jina la Taratibu kama jina la mvivu.

Mwenyewe hakununa. Alisema, "Mmenishinda, nipeni kazi." Wakagawana. Mdogo wangu akashika skrini zote zinazopitia kwa mkalimani. Taratibu akapewa masahihisho makubwa, yale ya kubadilisha watu mamia kwa pamoja, kwa kuwa kazi hiyo mkalimani huifanya polepole na agizo la mkono huimaliza mara moja. Kwa hiyo njia zikawa mbili zinazoingia hifadhidata moja. Taratibu aliliona hilo. Alimuuliza mdogo wangu, wakiwa wanafunga laptopu zao jioni moja, "Mimi nikibadilisha kitu huku chini, mkalimani wako atajua?"

"Atajua."

"Una hakika?"

"Atajua, bwana, twende."

Hakuwa amehakikisha. Alidhani. Maneno hayo mawili, "Atajua, bwana," aliyarudia kwangu akiwa mzima, akayarudia akiwa kitandani hospitali.

Programu ilianza kutumika, na kwa muda mambo yakawa mazuri, wastaafu wakawa hawapangi foleni ndefu kama zamani. Kisha ikaletwa orodha ya waliofariki kutoka ofisi za wilaya, na aliyeiandaa alikuwa ameteleza mstari mmoja. Kila aliyefariki, alama yake ikamwangukia jirani yake kwenye orodha. Ikaingizwa hivyohivyo. Kwa siku moja mamia ya watu walio hai wakawa marehemu.

Walianza kuja dirishani. Mmoja alikuwa dereva mstaafu, mzee mwenye kofia ya pama na utani mwingi. Karani alimtazama kwenye skrini, akamtazama yeye.

"Mzee... hapa inaonyesha umefariki."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mbona mke wangu hajaniambia?" Watu wa foleni walicheka. "Haya, mwanangu, pole kwa msiba. Sasa nifanyeje?"

Bosi alimwita Taratibu, akamwambia awarudishe watu wote wale. Taratibu alikaa mchana mzima bila kula. Alilinganisha orodha mstari kwa mstari, akaandika agizo lake, akalipitisha, akafungua majedwali na kuhakiki. Wote walikuwa hai. Akaenda kumwambia bosi kazi imekwisha, na bosi akawapigia wakubwa wake kuwatangazia.

Kesho yake makarani walipewa kazi ya kuwapigia simu walewale wazee, kuwaomba radhi na kuchukua namba zao mpya. Wachache waliopatikana, namba zao ziliingizwa kwenye skrini ya mdogo wangu. Skrini ile ilionyesha jina na simu tu, haikuonyesha kama mtu yu hai au la. Na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo, nami nitalieleza nilivyolielewa. Mkalimani, ili asiende hifadhidata kila mara, hukaa na nakala za watu karibu yake. Na mdogo wangu alikuwa amempa ruhusa hiyo mwenyewe ili skrini zifunguke haraka. Nakala alizokuwa nazo zilikuwa za kabla ya Taratibu kusahihisha. Hakuna aliyemwambia kwamba kule chini mambo yamebadilika. Karani alipobadilisha namba ya simu, mkalimani hakuandika namba peke yake. Aliandika mtu mzima kama alivyomkumbuka, na alimkumbuka akiwa marehemu.

Yule mzee wa kofia alirudi baada ya wiki.

"Jamani, juzi mlinipigia mkasema nimefufuka. Leo benki wananiambia nimekufa tena. Mimi sina ugomvi, ila niambieni moja nijipange."

Mara hii hakuna aliyecheka, kwa sababu bosi alikuwa amesimama nyuma ya karani.

Kikao kiliitwa katika chumba kilekile, na watu walewale. Walipofungua majedwali waliona wengi wamesahihishwa na wengine hawajasahihishwa. Ilionekana wazi, kwa macho ya kila mtu, kwamba aliyepewa kazi alifanya nusu akachoka, kisha akasema amemaliza.

"Uliwarudisha wote?" bosi aliuliza.

"Wote," alisema Taratibu.

"Hawa hapa ni nini?"

"Sijui. Niliwahakiki kwa macho yangu. Walikuwa hai."

"Kwa hiyo walikufa wenyewe usiku?"

Mtu mmoja akacheka puani. Bosi akamgeukia mdogo wangu. "Wewe ndiye unayeijua hii programu. Kuna alama yoyote kwamba hawa waliwahi kusahihishwa?"

Mdogo wangu aliniambia, "Dada, lile swali lake la siku ile lilinijia palepale. Mkalimani wako atajua? Lilinijia nikalisukuma. Nilijua nikilitamka, mzigo utahamia kwangu mbele ya wote." Akajibu alichoulizwa, si zaidi. Alisema, "Hakuna alama." Na ni kweli hakukuwa na alama, kwani kumbukumbu za mabadiliko ziliandikwa na mkalimani, na kazi ya Taratibu haikupitia kwa mkalimani.

Bosi akasema, "Basi umetudanganya. Uvivu ningeuvumilia. Uongo hapana."

Taratibu hakumjibu bosi. Alimtazama mdogo wangu, akangoja. Mdogo wangu akawa anatazama laptopu yake.

Mwisho wa mwezi Taratibu aliacha kazi. Alikuja nyumbani kumuaga mama, akasema amepata nafasi mji mwingine. Hakugusa habari ya kikao. Mama akamwambia asipotee, akasema hatapotea.

Ile kazi ya kuwarudisha wastaafu ikamwangukia mdogo wangu. Akaandika agizo kwa mkono kama lile la mwenzake, akahakiki, wote wakawa hai. Asubuhi iliyofuata makarani wakaingiza namba zaidi, na baadhi yao wakawa marehemu tena. Alikuja moja kwa moja kibandani kwangu, mchana, kazi imejaa, hata hakukaa.

"Dada, Taratibu hakudanganya."

"Unasemaje?"

"Ni mimi. Ni programu yangu. Inarudisha ya zamani juu ya mapya." Machozi yalimtoka mtu mzima yule, mbele ya mteja aliyekuja kumpimisha mwanawe sketi.

Nilimwambia ampigie simu. Akasema ataanza na bosi, ili ampelekee rafiki yake kitu kilichokamilika. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Umefanya vizuri kugundua. Rekebisha. Lakini yule ameshaondoka, na mimi nimeshaandika kwa wakubwa. Yaliyopita tuyaache." Alirekebisha. Kila mstaafu akapewa namba ndogo pembeni, inayopanda kila anapobadilishwa kwa njia yoyote ile, na mkalimani akikuta namba imepanda bila yeye kujua, anakataa kuandika na anakwenda kusoma upya. Mdogo wangu alisema ni marekebisho ya siku chache, na yameelezwa kwenye kila kitabu cha fani hiyo. Alikuwa ameyaruka kwa haraka zake.

Kisha akampigia Taratibu. Nilikuwepo, tumekaa barazani.

"Nimegundua," alisema. "Ulikuwa mkweli. Naomba unisamehe, ndugu yangu."

Alisikiliza muda mrefu. Baadaye alinieleza alichoambiwa. Taratibu hakupaza sauti. Alisema, "Radhi ya kwenye simu sina mahali pa kuiweka. Uliniacha niitwe mwongo mbele ya watu. Nenda kaniite mkweli mbele ya watu walewale. Siku hiyo nitakuja mwenyewe kwa mama, tutakula."

"Nitafanya," mdogo wangu alisema.

Na kweli alitaka kufanya. Nataka msomaji aniamini hapo. Lakini mdogo wangu alikuwa na mdomo wa kutania, hakuwa na mdomo wa kusimama mbele ya wakubwa akajishtaki. Alimwomba bosi kikao, bosi akasema baada ya ukaguzi. Baada ya ukaguzi ikawa baada ya bajeti. Kisha bosi akahamishwa, akaja mwingine asiyejua lolote. Nilimuuliza mara kwa mara, "Umesema?" Ananijibu, "Bado, natafuta siku." Nikamwambia asimame tu wakati wa chai aseme. Akasema jambo zito halisemwi watu wakitafuna. Watu wa kikao kile nao wakawa wanaondoka, huyu amestaafu, huyu amepata kazi kwingine, karani yule wa utani aliolewa akahama. Tulimwombea mimi na mama kila jioni, mimi moyoni nikiomba apate ujasiri. Mama alidhani tunamwombea afya, kwani figo zilikuwa zimeanza kumsumbua, nami sikumsahihisha.

Ugonjwa ulipomshika sawasawa, akawa anakwenda kusafishwa damu na kurudi kazini amelegea. Ndipo akapewa wafanyakazi wapya awafundishe programu, maana ofisi ilijua haitakuwa naye muda mrefu. Siku ya kwanza ya mafunzo, katika chumba kilekile, aliwaeleza wageni njia mbili za kuhifadhi data na kwa nini wao walichagua mkalimani. Akafika kwenye ile namba ndogo ya pembeni. Akasema:

"Hii namba ipo hapa kwa sababu ya kosa langu. Kulikuwa na mwenzangu aliyeniuliza mapema, nikampuuza. Kosa lilipotokea aliitwa mwongo katika chumba hiki, na mimi nilikaa kimya nikijua huenda ni mimi. Hakuwa mwongo. Alikuwa mfanyakazi mkweli kuliko wote niliowahi kukaa nao. Jina lake..." na akalitaja jina lake kamili.

Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona kwa miaka. Alikula. Akampigia Taratibu mbele yangu, akaweka sauti wazi.

"Nimesema."

"Umesema wapi?"

"Chumba kilekile."

"Mbele ya nani?"

Mdogo wangu angeweza kupamba. Hakupamba. "Mbele ya wapya. Wa zamani amebaki mmoja, na siku hiyo alikuwa likizo."

Taratibu akacheka, si kwa ubaya, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kwa hiyo kuna watoto huko wanajua mimi ni mkweli, na hawajui ni nani aliyewahi kusema si mkweli."

"Ndiyo."

"Sawa."

"Sawa nini, ndugu yangu?"

"Sawa, nimesikia. Sauti yako imekuwaje? Unaumwa?"

"Naumwa kidogo."

"Nitakuja mwisho wa mwezi. Mwambie mama."

Mdogo wangu alimwambia mama, na mama akaanza kupanga atapika nini. Mwisho wa mwezi haukutufikia. Alizidiwa ghafla, tukampeleka hospitali, na kabla ya Ijumaa kwisha Mungu alikuwa amemwita. Katika siku zile aliniuliza mara moja tu, "Aliposema sawa, unadhani alinisamehe?" Nikamwambia nadhani ndiyo. Sikuwa na hakika, na alijua sina hakika.

Taratibu alifika tulipokuwa tumeshazika, basi lilimharibikia njiani. Aliingia kwa kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwetu. Mama alimshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, ulipotelea wapi?"

"Kazi, mama."

"Usinidanganye, mimi ni mtu mzima. Mlikosana nini na mwenzako?"

Alitazama chini muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama kikombe chake. "Alinikosea, mama. Halafu akaniomba radhi, mapema tu."

"Ukamsamehe?"

"Nilimpa sharti." Akaendelea kwa sauti ya chini, ananitazama mimi. "Tulilala chumba kimoja miaka mitatu. Hakuna mtu aliyemjua kama mimi. Nilijua anaweza kuchekesha umati mzima, na nilijua hawezi kusimama mbele ya wakubwa kujisemea ubaya. Nilijua, dada. Nikachagua sharti hilohilo."

"Ulikuwa na haki," mama alisema.

"Nilikuwa nayo, mama."

Aliniomba nimpeleke makaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi na maua yameanza kunyauka kwa jua. Nilisogea pembeni nimwache, lakini alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili, nikasikia kila neno. Alimwita kwa jina la chuoni. Akasema, "Nimekusamehe. Tangu ile simu ya kwanza nilikuwa nimekusamehe, nilikuwa nangoja tu uhangaike kidogo."

Kisha akalia sana. Nilimshika bega, nikamwambia asiumie, Mungu amesikia.

"Najua amesikia, dada," alisema. "Lakini si yeye niliyekuwa nataka kumwambia."

Nilisali kimoyomoyo kwa ajili yao wote wawili, kisha tukarudi nyumbani kwa miguu, ambako mama alikuwa ameshamwandalia chakula.